Nyaya Nne na Njia Moja

Mwalimu akiuliza swali, nao wanafunzi wanne wakajibu pamoja, hasikii hata neno moja. Lakini akiwaita mmoja mmoja, huyasikia yote. Ndivyo ilivyo katika mashine za umeme zinazohesabu. Habari nyingi zataka kupita katika waya mmoja, basi hapana budi kiwepo kitu cha kuziita kwa zamu. Kitu hicho huitwa maltipleksa.

Tuitazame maltipleksa yenye nyaya nne za kuingilia, A, B, C na D, na waya mmoja tu wa kutokea. Kila waya huchukua alama moja katika mbili: 1, yaani nguvu ya umeme ni kubwa, au 0, yaani ni ndogo. Tena ziko nyaya mbili za kuchagua. Hizo hazichukui habari. Kazi yake ni kuamuru. Zikiwa 00, habari ya A hupita. Zikiwa 01, ya B. Zikiwa 10, ya C. Zikiwa 11, ya D.

Yafanyikaje hayo? Ndani mna milango minne ya umeme, mmoja kwa kila waya wa kuingilia. Nambari ya mlango ikitajwa, mlango hufunguka, na habari hupita kama ilivyo. Isipotajwa, mlango hutoa 0, hata kama waya wake unaleta 1. Kisha yote minne hukutana katika mlango wa tano, utoao 1 ikiwa hata mmoja wa ile minne umetoa 1. Kwa kuwa mitatu imenyamaza, itokayo ni habari ya waya ulioitwa peke yake. Nyaya za kuchagua zikiwa 3, huamuru nyaya 8. Zikiwa 4, huamuru 16.

Fikra ya zamu ni ya zamani kuliko mashine hizi. Mwaka 1874 Mfaransa Émile Baudot, mtumishi wa simu ya maandishi, alipata hati ya uvumbuzi wa chombo kilichowawezesha makarani kadhaa kutumia waya mmoja. Mkono wa chombo ulizunguka, ukimgusia kila karani zamu yake. Upande wa pili mkono mwingine ulizunguka vivyo hivyo. Ilipasa mikono hiyo iende sawasawa kabisa, kwani mmoja ukichelewa, habari ya huyu humwangukia yule. Baadaye, mwaka 1962, kampuni ya Bell ya Marekani ilianza kupitisha mazungumzo 24 katika njia moja ya simu, kila sauti ikipewa zamu mara 8000 kwa sekunde. Sikio halikutambua kwamba kuna zamu.

Basi waya mmoja huwatosha wengi, maadamu anayeita na anayepokea wanahesabu pamoja.

MASWALI
1. Nyaya za kuchagua zikiwa 10, habari ya waya gani hupita?
2. Kwa nini milango isiyoitwa hutoa 0?
3. Nyaya 32 za kuingilia zahitaji nyaya ngapi za kuchagua?