Kabla Gari la Moshi Halijarudi Malaba

Reli ya zamani inayopita Bungoma hadi Malaba ilifika Kampala mwaka 1931. Anayetaka injini ya mvuke ivute tena mabehewa ya watalii na wanafunzi kwenye njia hii, na aanze na mambo manne.

1. Linda kilichopo. Reli na mataruma ni mali ya Shirika la Reli la Kenya. Wizi wa miundombinu ulizidi hadi serikali ikapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu Januari 2022, ikairuhusu tena Mei. Ukiona mtu akifungua nati za reli, mwarifu chifu au polisi mara moja. Nati chache zikikosekana, treni inaweza kuanguka. Majengo ya kale ya stesheni yanaweza kulindwa kwa Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006.

2. Boila kwanza, rangi baadaye. Maji lazima yafunike paa la tanuri wakati wote. Yakipungua, chuma hulainika na boila inaweza kulipuka. Ndiyo maana paa hilo huwa na kizibo chenye risasi: joto likizidi, risasi huyeyuka na mvuke hutoka kwa kishindo ukimwonya dereva. Mkaguzi huijaza boila maji baridi na kuipima kwa shinikizo kabla ya moto wowote kuwashwa. Hata ikipita, moto huongezwa polepole kwa saa kadhaa, la sivyo viungo vitavuja.

3. Tafuta mafundi. Makumbusho ya Reli Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yana injini namba 5918, Mount Gelai, iliyoundwa na Beyer Peacock wa Manchester, yenye uzito wa zaidi ya tani 250. Wapeleke vijana huko waione. Wazee waliowahi kuendesha na kukarabati injini hizi warekodiwe wangali hai, kwa kuwa mkono wao haumo vitabuni.

4. Panga safari fupi. Njia hii hupitisha mizigo, hivyo ratiba yapangwa na shirika. Safari iishie Malaba upande wa Kenya. Kuvuka hadi Tororo, Uganda, kunahitaji idhini ya mashirika ya reli ya nchi zote mbili na ukaguzi mpakani. Mji wa Busia hauna reli, basi wageni wake waandaliwe matatu hadi stesheni.

Kikundi chenye nia kiandikie Shirika la Reli na serikali ya kaunti kabla ya kuchangisha hata shilingi moja. Bila idhini na cheti cha boila, pesa za watu zisiguswe.