Rubani na Mtungi wa Hewa

Ukitoka Kasanda kwenda Kigoma mjini unateremka mpaka ziwani. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Sisi tuko juu zaidi, na tunapumua vizuri tu. Lakini kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, mtu akipiga hatua chache anahema. Hewa ya huko ni nyepesi. Kila pumzi inaleta oksijeni karibu nusu tu ya ile ya pwani.

Sasa, ziko ndege zisizo na injini. Huvutwa na ndege nyingine, kisha huachwa zielee kama tai, zikipandishwa na upepo. Nyingine hupita urefu wa Kilimanjaro. Rubani hubeba mtungi mdogo wa oksijeni, na mpira mwembamba huifikisha puani.

Je, si angengoja mpaka achoke? Hapana! Mpanda mlima anahema, basi anajua. Rubani amekaa tu. Akikosa oksijeni hasikii maumivu. Pengine hufurahi kama mtu aliyekunywa pombe, kumbe akili imeshapungua. Nchini Marekani sheria inamtaka rubani atumie oksijeni muda wote akipita karibu mita 4,270, hata kama anajiona mzima.

Tena mtungi huo haupakwi mafuta wala grisi. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini huuchochea moto vikali sana. Mitungi ya hospitali ni vivyo hivyo: mwenye grisi mikononi asiguse koki yake.

Swali: Kwa nini rubani hangoji mpaka ajisikie vibaya?