Tuishi Vizuri na Wanyama
Kijitabu cha elimu kwa kaya za Kilangali, Kilosa na Mikumi

Ukitaja utunzaji wa wanyama hapa Kilangali, mawazo ya watu hukimbilia Mikumi: tembo, twiga, askari wa hifadhi na magari ya watalii. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1964, ina ukubwa wa kilometa za mraba 3,230, na wengi wetu tumezoea kuona kwamba kuwahurumia wanyama ni kazi ya serikali na wafadhili. Kijitabu hiki kinaanzia uani. Kinaanza na kuku aliyefungwa miguu, maksai anayerudi shambani na kidonda shingoni, na mbwa asiyewahi kuchanjwa. Hao ndio walio mikononi mwetu, na kuwatendea vema hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji tubadilishe namna tunavyowashika, tunavyowafunga na tunavyowapiga.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, kumpiga ovyo na kumtwisha mzigo unaozidi nguvu zake. Tunaitaja ijulikane kuwa ipo, kisha tuendelee na mambo ya nyumbani.

Kuku wa baiskeli

Siku ya gulio kila mtu amewaona: kuku wamefungwa miguu kwa kamba ya mgomba, wananing'inia vichwa chini kwenye usukani wa baiskeli, midomo wazi, mabawa yamelegea. Mwenye kuku hana ubaya. Ndivyo alivyomwona baba yake akifanya. Ila kuku hana ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo kama tulio nao sisi. Akigeuzwa kichwa chini, matumbo hulalia mapafu, na hewa humwia ngumu. Safari ya saa nzima juani namna hiyo ni mateso, na mara nyingine kuku hufika sokoni amekwisha kufa. Hasara hiyo ni ya muuzaji.

Dawa yake ni tenga. Tenga la fito au mianzi, lenye nafasi ya kuku kukaa chini na kuinua kichwa, lifungwe nyuma ya baiskeli au bodaboda na kufunikwa kwa kanga kuukuu jua likiwa kali. Ukimbeba kuku mmoja tu, mpakate: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine juu ya mabawa. Atatulia. Mkifika gulioni, maji kwanza kabla ya bei.

Jambo jingine ni dogo kiasi kwamba watu hulipita. Viroba vya mpunga vikichakaa, nyuzi zake za plastiki husambaa uani. Kuku akipekua, uzi hujizungusha kwenye vidole, na kila akivuta unakaza. Baada ya siku chache kidole huvimba, huwa cheusi, kisha hudondoka. Kuku wengi tunaowaita vilema wamekatwa vidole na kiroba. Okota nyuzi hizo unapofagia, na mara moja kwa wiki kagua miguu ya kuku wako jioni wakiwa wamelala, maana wakati huo hawakimbii. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Juni 1, 2019, lakini vifungashio vyepesi bado vimejaa majalalani, na mbuzi huvila. Plastiki haisagiki tumboni mwa mnyama. Huko hukaa, hujikusanya, na mwisho humziba.

Kuhusu mdondo, ambao wengine huuita kideri, usisubiri kuku waanze kusinzia na kupinda shingo. Ugonjwa huu hauna tiba. Kinga yake ipo, chanjo ya I-2, ambayo ni tone moja tu katika jicho la kila kuku, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chanjo hii huvumilia joto kuliko nyingine, ndiyo maana inafaa vijijini kwetu. Kaya kadhaa zikichangia chupa moja, gharama kwa kila kuku huwa ndogo mno.

Na siku ya kumchinja ikifika, kisu kiwe kikali kweli. Kinolewe mbali na macho ya mnyama, wala mnyama asichinjwe mbele ya mwenzake. Haya Waislamu hufundishwa tangu utotoni, nasi tunawaomba wachinjaji wote, wa dini yoyote, wayashike.

Maksai na punda

Ukitaka kumjua mkulima, tazama shingo za maksai wake. Nira iliyochongwa vibaya huchubua. Kidonda huingia vumbi na inzi, na kesho yake mnyama hurudishwa kazini nira ikiwa palepale kwenye kidonda. Kisha hupigwa kwa kuwa "mvivu". Nira ilainishwe, ifungwe kitambaa pale inapogusa, na mwenye kidonda apumzishwe mpaka apone. Limeni alfajiri, mfungue jua linapopanda, ng'ombe wanywe maji kabla ya kulisha. Fimbo ya kuelekeza inatosha. Kuwakunja mkia au kuwachoma kwa msumari hakuongezi hata tuta moja.

Punda naye huonekana hasikii maumivu kwa sababu halalamiki. Ukimya wake usikudanganye. Mtandike gunia nene mgongoni kabla ya madumu ya maji, na mzigo uwe sawa pande zote mbili.

Bundi si mchawi

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo hofu inapokula mazao yetu. Bundi akilia juu ya paa, mawe hurushwa. Vifaranga wake wakionekana darini, huuawa. Mwaka 2024 Shirika la Reli lilipoeleza kuwa bundi na ngedere walihusika na hitilafu ya umeme iliyoikwamisha treni ya SGR, wapo waliocheka na wapo waliosema, "Si tuliwaambia?" Mtu makini atajiuliza bundi alifuata nini pale. Huenda alifuata mahali pa juu pa kutua apate kuwinda panya.

Tembea chini ya mti au ghala analolala bundi, utaona vidonge vya kijivu vikubwa kama kidole gumba. Si kinyesi. Ni manyoya na mifupa aliyoitapika baada ya kummeza panya mzima. Vunja kimoja kwa kijiti: utakuta fuvu dogo, meno marefu ya mbele ya rangi ya chungwa, mifupa ya miguu, pengine mafuvu mawili. Hao ndio panya ambao wangekula mpunga wako usiku huo. Panya shamba jike huweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mara moja. Mkulima hana mfanyakazi mwingine wa zamu ya usiku asiyedai ujira.

Kwa hiyo usimuue bundi, wala usimpe sumu bila kujua. Panya aliyekula sumu huchukua muda kufa. Akiyumbayumba hukamatwa kwa urahisi na bundi, paka au mbwa wako, na sumu huwaingia wao. Anza na usafi wa kingo za mashamba, ghala lenye miguu iliyovikwa bati, na mitego inayoua papo hapo. Hata panya mwenyewe asidharauliwe: Chuo Kikuu cha Sokoine, hapo hapo Morogoro, ndipo panya buku wanapofundishwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia.

Ndege wa mpunga ni shauri gumu zaidi. Kwelea kwelea mmoja hula takribani gramu 10 za nafaka kwa siku, nao huja kwa malaki. Hatuwezi kumwambia mkulima awaachie. Kuamia ndege kwa makopo, kelele na nyavu bado ndiyo njia safi, ingawa inachosha, na tunaomba isiwatoe watoto shuleni. Ndege ya serikali ikinyunyiza dawa, usiokote ndege waliokufa kwa ajili ya kitoweo, na uwafungie kuku na mbwa. Dawa ile inaua kwelea, na inaua pia mwewe na tumbusi wanaowala.

Tembo shambani, waya porini

Tembo akiingia kwenye mahindi usiku, hasira ni haki. Ila kumrushia moto, mkuki au kumzingira ndiko kunakomfanya augeukie umati. Wengi huumia wakiwa wamekwenda kumtazama kwa tochi. Kamba iliyopakwa pilipili kali iliyochanganywa na oili chafu, ikizungushwa shamba, humkera puani. Matofali ya kinyesi cha ng'ombe na pilipili, yakichomwa upande upepo unakotoka, hufanya vivyo hivyo. Mang'ula, pembezoni mwa Hifadhi ya Udzungwa, wakulima wamejaribu uzio wa mizinga ya nyuki: tembo akiugusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Uzio huo una faida ya asali pia.

Uharibifu ukitokea, toa taarifa ofisi ya kijiji siku hiyo hiyo, nyayo zikiwa bado zinaonekana, ili maombi ya kifuta jasho yaandaliwe. Kifuta jasho si fidia kamili. Wengi hulalamika kuwa ni kidogo na huchelewa, na malalamiko hayo tunayaona ya haki. Lakini bila taarifa hakuna hata hicho.

Waya wa mtego hauchagui. Uliotegewa swala humnasa ndama wa jirani, mbwa, au tembo mtoto, na mnyama huweza kukaa siku kadhaa waya ukimla mguu. Anayetaka nyamapori ainunue kwenye bucha lenye kibali. Mzoga wenye sumu uliowekewa fisi au simba huua tumbusi kwa makumi, na tumbusi wakiisha, mizoga huoza ovyo.

Barabarani

Barabara kuu ya kwenda Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takribani kilometa 50. Mabango ya mwendo na ya faini kwa kila mnyama yamewekwa kwa sababu wanyama hugongwa kweli. Abiria naye ana sehemu yake: ganda la ndizi au hindi unalotupa dirishani humleta nyani kwenye lami, na gari linalofuata ndilo litakalomkuta. Weka taka mfukoni mpaka Mikumi mjini. Dereva akikimbiza usiku, mwambie. Umelipa nauli.

Mbwa

Mbwa wa Kilangali hulinda mpunga dhidi ya nguruwe pori na ngedere, kisha hulipwa kwa mawe. Mpe maji, kivuli, na kamba ndefu inayomruhusu kujigeuza kama ni lazima umfunge. Usimtupe mtoto wa mbwa jike njiani. Ukiwa huwezi kulea watoto, muulize afisa mifugo kuhusu kuhasi.

Lililo kubwa ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa achanjwe akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Walau mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kuwaua mbwa kwa sumu au risasi hakujawahi kuumaliza. Mtu akiumwa na mbwa, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Dalili zikishaanza, karibu wote hufa.

Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Usiingoje: ulizia ofisi ya kata sasa lini chanjo itafika kijijini kwako. Na ukishakisoma kijitabu hiki, mpe jirani mwenye mbwa.