Waligeuka au Waligeuzwa? Ufasiri wa Matokeo ya Jaribio la Griffith

Makala hii inadhamiria kuonyesha kwamba ufasiri wa matokeo ya jaribio la kisayansi hautenganiki na uteuzi wa kitenzi cha kuyaelezea. Mfano uliochaguliwa ni jaribio la Frederick Griffith, tabibu Mwingereza aliyechapisha matokeo yake mwaka 1928.

Griffith alichunguza bakteria wasababishao nimonia. Bakteria wa aina ya S wana ganda la sukari changamano linalowakinga mwilini, nao huua panya. Wale wa aina ya R hawana ganda hilo, na hawaui. Panya waliodungwa R hai walinusurika. Waliodungwa S hai walikufa. Waliodungwa S waliouawa kwa joto walinusurika. Katika kundi la nne, R hai walichanganywa na S waliokufa. Humo panya walikufa, na damu yao ikapatikana na S walio hai.

Je, matokeo haya yana maana gani? Yamkini baadhi ya S hawakufa kwa joto. Hata hivyo, kundi la tatu linaipinga dhana hiyo, kwani S hao hao walipodungwa peke yao hawakudhuru. Yamkini pia R walirejelea hali yao ya awali bila kuathiriwa na chochote. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba Griffith alitumia R waliotokana na aina ya II, pamoja na S wa aina ya III. Waliopatikana hai ni S wa aina ya III. Kama wangerejelea asili yao, wangekuwa wa aina ya II.

Hapa ndipo sarufi inapoingia. Kusema kwamba bakteria "waligeuka" ni kueleza kilichoonekana bila kumtaja mtendaji. Kusema "waligeuzwa" ni kudai kwamba yupo mtendaji, na dai hili linathibitishwa na ulinganishaji wa makundi yote manne. Lakini kusema "waligeuzwa na DNA" ni kupiga hatua ya tatu, ambayo matokeo ya 1928 hayairuhusu. S waliokufa walikuwa na protini, sukari, mafuta na DNA. Lipi kati ya hayo lilitenda?

Jawabu lilipatikana mwaka 1944 katika Taasisi ya Rockefeller, New York. Oswald Avery, Colin MacLeod na Maclyn McCarty walitumia vimeng'enya kuharibu kijenzi kimoja baada ya kingine. Protini ilipoharibiwa, ugeuzwaji uliendelea. Hali kadhalika RNA. DNA ilipoharibiwa, ugeuzwaji ulikoma. Griffith hakuushuhudia ufumbuzi huo. Alifariki mwaka 1941 London iliposhambuliwa kwa mabomu.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema mawingu ni mvua. Kwa hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili anayefasiri matini ya sayansi au kuunda istilahi zake hana budi kupima kila kiambishi. "Ugeukaji" na "ugeuzwaji" si visawe. Akibadilisha kimoja kwa kingine, humpa msomaji hitimisho ambalo jaribio lenyewe halijalifikia. Uhakiki wa fasihi nao una sharti hilo hilo: dai lisizidi ushahidi uliomo katika matini.