Fundisho juu ya Lutuku, Bangi, na Mtoto Aliyekamatwa

Fundisho hili ni juu ya jambo ambalo wazazi wengi hulificha. Mtoto wa miaka 15 amekutwa na chupa ya lutuku, au na msokoto wa bangi mfukoni. Baba anashika fimbo. Mama anataka kumpeleka usiku kwa mjomba wake, mbali, ili habari ife. Jirani anasema, "Mwacheni polisi amfunge, apate akili." Tutazame kama kuna njia nyingine.

Kwanza tujue vitu hivi vinafanya nini mwilini. Hapa kando ya ziwa la Tshangalele, mvuvi akitoka majini usiku na baridi, humwonjesha lutuku kijana anayemsaidia kuvuta wavu. Anafikiri anampa moto. Kweli ngozi inasikia joto, lakini ni kwa sababu pombe imefungua mishipa midogo ya ngozi, na joto la ndani linatoka nje. Baada ya saa chache yule kijana ana baridi kuliko mbele ya kunywa.

Tena lutuku haina kipimo. Yule anayeitokosa katika pipa hajui nguvu yake. Ya leo inaweza kupita ya jana mara mbili. Mwili wa mtoto ni mdogo, na ini lake, wakati linapofanya kazi ya kuondoa pombe, haliwezi kutoa sukari ya kutosha katika damu. Sukari ikishuka sana, mtoto hutoka jasho baridi, hulegea, haamki, na pengine hushikwa na kifafa. Watu wanaomtazama wanasema, "Amelewa tu, mwache alale." Watoto hufa namna hiyo. Mlaze ubavu, si chali, ili akitapika asizibwe pumzi. Usimlazimishe kutapika, usimmwagie maji ya baridi, na kahawa haina faida. Ikiwa yu macho na anaweza kumeza, mpe maji ya sukari. Ikiwa haamki, usimtie kitu kinywani. Mlete hospitali upesi.

Bangi haiui kwa namna hiyo. Kazi yake ni ya polepole. Ubongo wa mtu unaendelea kukomaa hata apite miaka 20, na bangi inayovutwa mara nyingi katika miaka hiyo huharibu kukumbuka na kufuata somo. Wengine husikia sauti ambazo hazipo, au huogopa kwamba kila mtu anawafuata. Anayeanza mapema na kuvuta kila siku ana hatari zaidi. Wako watu wanaosema ni uchawi wa ukoo fulani, na miezi inapita katika kutafuta mchawi, na mgonjwa hajaonwa na mganga wa hospitali hata siku moja.

Sasa tuje kwenye sheria, maana wengi hawaijui, na wale wanaojua hawapendi kila mara kuieleza. Katika nchi yetu ya Congo iko sheria ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009. Inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Aliye chini ya miaka 14 hawezi kuhesabiwa mkosaji mbele ya sheria ya adhabu. Wa miaka 14 na kupita, mpaka 18, yuko chini ya tribunali ya watoto, si ile ya watu wazima. Polisi akimshika, wazazi wanapaswa kujulishwa mara moja. Tena kesi yake haisikilizwi mbele ya watu wote.

Hakimu wa watoto ana njia nyingi mkononi. Anaweza kumkaripia mtoto na kumrudisha kwa wazazi, akiwaamuru wamwangalie vizuri zaidi. Anaweza kumweka kwa bwana na bibi wenye mwenendo mwema. Anaweza kumtuma mahali pa matunzo ya uganga. Nawaomba ninyi wa kanisa msome tena maneno yale ya katikati. Sheria inatafuta nyumba njema za kupokea mtoto kwa muda. Ni nyumba ngapi kati yetu zimekwenda kwa mtumishi wa mambo ya jamii kusema, "Sisi tuko tayari"? Tunajua kulia kwenye matanga, lakini kitanda kimoja cha kumpa kijana mwenye shida hatukitengenezi.

Sheria hiyo inajua pia upatanisho. Tuseme kijana ameiba samaki wa jirani, akawauza, akanunua lutuku. Kosa lisipokuwa miongoni mwa makubwa sana, habari yake inaweza kupelekwa kwa kamati ya upatanisho. Pale mtoto, wazazi wake na yule aliyeibiwa wanakaa pamoja, kutafuta namna ya kulipa hasara na kumrudisha mtoto katika njia. Jirani zetu wa Uganda, kwa sheria yao ya watoto, wameipa baraza ya kijiji kazi kama hii kwa makosa madogo: kuomba radhi, kulipa, kurudisha kitu, kuonywa. Na Kenya, katika sheria yake mpya ya watoto ya mwaka 2022, imeweka njia za kumtoa mtoto katika kesi na kumpeleka kwenye mafundisho na uangalizi.

Mtu mmoja atauliza: "Kwa nini wasimtoze faini tu, ile tunayoita amandi?" Ni swali zuri. Katika jimbo la Michigan, Marekani, tangu mwaka 2018 kijana aliye chini ya miaka 21 akikutwa na pombe mara ya kwanza hatendewi kama mhalifu. Hutozwa faini isiyozidi dola 100. Katika jimbo la Massachusetts watu walipiga kura mwaka 2008, wakaweka faini ya dola 100 kwa bangi kidogo. Lakini kwa walio chini ya miaka 18 waliongeza kitu: saa 4 za mafundisho juu ya dawa za kulevya, na saa 10 za kazi ya faida kwa watu wote. Asiyetimiza ndani ya mwaka mmoja, faini yake iliweza kupanda mpaka dola 1,000.

Mimi naona hawa wa pili walifahamu jambo. Kijana hana fedha. Faini peke yake hulipwa na mama, kwa unga na makala aliyouza sokoni, na kijana amekaa kivulini. Saa 10 za kuzibua mifereji hawezi kuzikopa kwa mama yake. Na fedha inayopokelewa njiani bila karatasi ya malipo si faini. Mtoto anayeona baba akiitoa amejifunza bei ya kosa, basi.

Kumfungia mtoto kuna hatari nyingine ambayo sisi wa hospitali tunaiogopa. Aliyezoea kunywa kila siku, akikatwa ghafula, anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa na kushikwa na kifafa katika siku mbili tatu za kwanza. Kwa hiyo, ukienda kwa polisi, waambie wazi mtoto amekunywa nini, na tangu lini, hata kama unaona haya. Chukua karatasi yenye kuonyesha tarehe ya kuzaliwa kwake. Pasipo hiyo kijana mrefu huhesabiwa mtu mzima. Omba apelekwe mbele ya hakimu wa watoto, na aonwe na mganga. Muuguzi si polisi. Siri ya mgonjwa inalindwa na sheria, basi usimdanganye.

Akirudi nyumbani, mwenye kuacha bangi atakosa usingizi, hatapenda chakula, na atakuwa na hasira kwa muda wa majuma mawili hivi. Usiseme pepo limemrudia. Mpe kazi ya mchana, chakula kidogo mara nyingi, na mtu mmoja wa kulala naye chumba kimoja. Mlete kwa muuguzi kila juma. Akisema anasikia sauti, au anataka kujiua, usingoje juma liishe. Mlete siku ile ile, na usimwache peke yake njiani.