Maktaba ya Programu Inapokataa Kuingia



Nimeona wenzangu kadhaa hapa Vigwaza wakiacha kujifunza programu siku ile ile walipotaka kuunganisha Python na hifadhidata ya PostgreSQL. Mtu huandika amri, *pip install psycopg2*, kioo kikajaa maneno ya kosa. Hurudia amri hiyo hiyo mpaka bando linakwisha. Fedha imekwenda, naye ajiona mjinga. Si ujinga.

Sababu ni hii: psycopg2 imeandikwa kwa lugha ya C. Hukujia mbichi, na kompyuta yako ndiyo huipika. Kwa hiyo yahitaji vitu vitatu: kompaila ya C, faili za kujengea za Python, na faili za kujengea za libpq.

Basi fanya hivi. Kwanza, soma ujumbe wote, utafute kitu kilichokosekana. Ukiona *pg_config*, faili za libpq hazipo. Pili, katika Ubuntu andika: *sudo apt install gcc python3-dev libpq-dev*. Tatu, rudia amri ya kwanza.

Kwa mazoezi, psycopg2-binary yatosha, maana imekwisha pikwa. Na asiye na bando aanze na SQLite, ambayo huja pamoja na Python tangu toleo la 2.5 la mwaka 2006.

Tusikate tamaa. DHIS2, mfumo ambao Wizara ya Afya hukusanyia takwimu za vituo vya afya, hutumia PostgreSQL hiyo hiyo. Mwenda pole hajikwai.