Dawa ya Maumivu na Mpaka wa Dharura



Ndugu zangu katika imani, tuchukue mfano wa kijana wa Cyanzarwe, hapa Rubavu, kibarua wa ujenzi. Ameanguka kwenye ngazi na kuumia mgongo. Daktari amempa tramadoli ya siku tano. Siku zimekwisha, mgongo bado unauma, na nyumbani wanamtegemea yeye. Anarudi kazini akimeza vidonge alivyojinunulia: kwanza viwili, kisha vinne. Je, ametenda dhambi? Na sisi tuna wajibu gani kwake?

Tuijue dawa kwanza. Tramadoli, kodeini na mofini ni jamii moja na kasumba. Hutuliza maumivu, haziponyi jeraha. Mwili huzizoea, hata kipimo cha jana kisitoshe leo. Mtu akiacha ghafla hutoka jasho, huharisha na kukosa usingizi, na viungo humuuma. Hudhani jeraha limerudi, kumbe mwili unadai dawa. Zikizidi, au zikichanganywa na pombe au dawa za usingizi, pumzi yaweza kukatika.

Katika jimbo la Washington, Marekani, watafiti walichunguza kumbukumbu za wafanyakazi waliolipiwa matibabu na fidia ya ajali kazini. Walikuta vifo 32, kati ya 1995 na 2002, ambavyo kwa hakika au kwa uwezekano mkubwa vilitokana na kuzidi kwa dawa hizi. Mwaka 2007 jimbo likatoa mwongozo wa vipimo kwa madaktari. Huko dawa ililipiwa, lakini usimamizi ulipungua. Kwetu kibarua asiyeandikishwa RSSB, ingawa mwajiri hutakiwa kuchangia asilimia 2 kwa ajili ya ajali za kazini, hurudi kazini kabla ya kupona, na kidonge huwa ndiyo likizo yake.

Sasa hukumu. Kulewesha ni haramu, lakini dawa inayohitajika kwa matibabu huruhusiwa, na wanazuoni wamefundisha kuwa dharura hupimwa kwa kiasi chake. Basi tusimkataze mgonjwa wa saratani mofini ya maji inayotengenezwa hapa Rwanda. Hiyo ni rehema. Kijana wetu hakukosea kumeza alichoandikiwa. Alipojiongezea mwenyewe alivuka mpaka, na aya ya 195 ya Suratul-Baqara inatukataza kujitia katika maangamizi. Hata hivyo, aliyekwisha kunaswa ni mgonjwa. Mlango wa toba uko wazi, na wa hospitali pia.

Na mwajiri? Mtume (S.A.W.) ameagiza kibarua alipwe kabla jasho lake halijakauka. Itakuwaje kwa aliyevunjika mgongo katika kazi yako?

Tufanye haya:
1. Mwambie aliyezoea dawa asiache ghafla. Ampeleke daktari habari kamili, apunguziwe taratibu.
2. Usimgawie mwenzako vidonge ulivyobakiza.
3. Msaidie majeruhi kufuatilia haki yake ya fidia.
4. Usimwite mlevi. Aibu humfanya ajifiche, na anayejificha hufa peke yake.

Swali la darasa: katika mtaa wako, ni nani aliyeumia kazini ambaye hujamtembelea?

Allah awaponye wagonjwa wetu na atujaalie kuwa wasaidizi wao. Amin.